Kaskazi, Kusi na Mpango wa Kaunti: Nani Atapanga Joto na Ubaridi wa Nyumba Zetu?



Kila inapotajwa habari ya nishati katika mabaraza yetu, mazungumzo huishia kwenye taa. Je, umeme umefika? Nguzo zimesimamishwa? Bili imepanda tena? Ni maswali ya haki. Lakini mwenye kuiangalia nyumba kwa makini ataona kwamba taa ni sehemu ndogo mno ya haja zake. Haja kubwa ni mbili: joto na ubaridi. Tunataka joto la kupikia, la kuchemshia maji, la kukaushia nafaka na samaki. Tunataka ubaridi wa kulala usiku, wa kuhifadhi maziwa na kitoweo, na wa kulinda dawa na chanjo za watoto.

Itazame nyumba ambayo mna mzazi aliye katika siku zake arobaini. Ndani ya chumba kimoja haja hizo mbili hukutana. Mama hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na maji hayo yamechemshwa kwa makaa yaliyonunuliwa. Kando yake mtoto mchanga ametoka vipele vya joto shingoni, kwa kuwa bati lililo juu ya kichwa chake limechomwa na jua tangu saa tatu asubuhi. Feni yazunguka, lakini yazungusha hewa iliyokwisha kupata moto. Maziwa yaliyoletwa alfajiri yameganda kabla ya Alasiri. Nyumba hiyo yalipa mara mbili: yalipa ili ipate joto, na yalipa ili iondoe joto. Na juu ya paa lake lipo jua ambalo, lau lingepangiwa kazi, lingetumika kwa yote mawili.

Neno la makala haya ni hilo la kupangiwa kazi. Joto na ubaridi havinunuliwi chumba kwa chumba kisha vikatosha. Ni mambo ya mtaa, ya mji na ya eneo zima, na hupangwa kabla ya kujenga. Wazee wetu walilijua hilo. Sheria ya nchi nayo sasa imefungua mlango wa kulirudia, na wanaostahili kuwa mbele katika kuuingia ni wale ambao joto la nyumba huwalemea zaidi, nao ni wanawake.

WAZEE WALIPANGA KWANZA, WAKAJENGA BAADAYE

Mji wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, husifiwa kwa milango yake ya nakshi na zidaka zake. Wachache huutaja kwa lile lililowafaa wakazi wake zaidi, kwamba ni mji uliopangwa ili uzuie joto.

Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa karibu nusu mita, huchukua saa nyingi kupata moto. Joto la adhuhuri huchelewa ndani ya ukuta hadi jioni, na jioni upepo wa bahari umekwisha kufika. Vyumba vyake ni vyembamba, maana boriti za mikoko haziwezi kubeba dari pana, na hufuatana kuanzia kiwanda kilicho wazi kwa mbingu hadi vyumba vya ndani, hivyo mwangaza mkali hubaki uwanjani. Vichochoro hufunikwa na kivuli cha nyumba za pande mbili karibu siku nzima, na vile vinavyoteremka kuelekea pwani hupandisha hewa ya bahari hadi ndani ya mtaa. Jiko nalo liliwekwa juu kabisa ya nyumba, chini ya makuti, mahali walipopaita kidari cha meko. Moshi na joto la kupikia vilipanda vikaenda zao, visishukie chumba cha kulala.

Katika yote hayo lipo jambo la kuzingatiwa. Hakuna nyumba moja iliyojipoza peke yake. Kivuli cha kichochoro ni cha nyumba mbili zinazotazamana. Ukiibomoa moja, ya pili hupigwa na jua. Ukiziba mdomo wa kichochoro kule pwani, walioko nyuma hukosa upepo. Ubaridi wa Lamu ulikuwa mali ya mtaa, na kila mjenzi alijenga akiijua sehemu yake katika mali hiyo.

Leo twajenga vinginevyo. Ukuta ni tofali jembamba la saruji, paa ni bati lisilo na dari, dirisha ni kioo kilichoelekezwa kokote kiwanja kilikoelekea. Katika miji yetu mikubwa ghorofa husimama mbele ya ghorofa, na upepo wa kusi uliokuwa ukimfikia mkazi wa nyuma hugonga ukuta na kurudi. Mwenye uwezo huifunga nyumba yake na kununua kiyoyozi. Asiye na uwezo hutoa mkeka nje.

UPEPO WA JIRANI

Ni vyema tukielewe chombo hiki, kiyoyozi, maana wengi hudhani kwamba huumba baridi. Hakiumbi. Hulichota joto la chumbani na kulimwaga nje, pamoja na joto la ule umeme kinaoutumia. Katika uwanja mpana joto hilo hupotea. Katika kichochoro chembamba, vyombo kumi vikipumua pamoja, joto hilo huwa zawadi ya jirani asiye na chombo. Naye, akishindwa kuvumilia, hununua chake, na mtaa huzidi kuwa moto. Zaidi ya hayo, gesi zizungukazo ndani ya vyombo vingi hivyo zikivuja huzuia joto la dunia kuliko hewa ya moshi kwa mara nyingi sana. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua.

Hapa fiqhi yetu ina neno. Imepokewa hadithi inayohesabu miongoni mwa haki za jirani kwamba usipandishe jengo lako juu yake ukamzuilia upepo ila kwa idhini yake. Wanavyuoni wa hadithi wamesema sanadi yake ni dhaifu, na ni amana kulisema hilo. Lakini maana yake yaungwa mkono na kanuni iliyo madhubuti, ambayo mafakihi wameijengea milango mingi ya hukumu za majirani: kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Na katika hadithi iliyo sahihi Mtume (s.a.w.) aliagiza sala ya Adhuhuri icheleweshwe mpaka makali ya joto yapungue. Ikiwa wakati wa ibada ulisogezwa kwa ajili ya joto, itakuwaje ramani ya mtaa isisogezwe?

PWANI MOJA, HALI MBALIMBALI

Huenda msomaji akasema: basi na tupewe dawa moja, tuitumie sote. Lakini Pwani yetu haina hali moja, na hilo ndilo linaloufanya mpango wa eneo kuwa wa lazima.

Chukua mfano wa mtungi. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu maji kidogo hupenya udongo, hufika nje na kuwa mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Mwalimu mmoja wa kaskazini ya Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi, aliutumia ujuzi huo kwa kuweka chungu ndani ya chungu kikubwa zaidi na kujaza mchanga mbichi katikati yake. Biringani zilizokuwa zikioza baada ya siku 3 zilikaa siku 27. Mabinti waliokuwa wakitumwa sokoni kila siku kabla mboga hazijaharibika wakapata nafasi ya kwenda shule, naye akatunukiwa tuzo ya kimataifa. Chombo hicho kingefaa sana Hola na Bura, ambako hewa ni kavu. Lakini ukikileta Mombasa au Kisiwa cha Pate hakitakufaa sana, kwa kuwa hewa ya huku imekwisha kujaa mvuke wa bahari na haina nafasi ya kupokea mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo jasho letu halikauki mwezi wa Machi, na joto ambalo mtu wa bara angelistahimili hutulemea sisi.

Mombasa yahitaji kivuli, njia za upepo na paa zisizoshika joto. Milima ya Taita yahitaji maji ya moto asubuhi za Juni na Julai, wala haina haja kubwa ya kupozwa. Visiwa vya Lamu vyahitaji barafu ya samaki, na kila lita ya mafuta ya kuendeshea jenereta huko imevushwa kwa chombo. Kwale na Kilifi zina mahoteli ambayo hutaka maji ya moto na baridi kwa wakati mmoja, na zina vijiji ambavyo bado hupikia kuni zinazopatikana mbali zaidi kila mwaka. Kaunti ya Tana River ina nyanda kavu na ina mdomo wa mto wenye unyevu, ndani ya mipaka ile ile.

Kaunti hizi sita tayari zina chama cha pamoja, Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Samaki wa Kizingitini huliwa Mombasa, na makaa ya kaunti moja huchomwa katika kaunti nyingine. Mpango ukikomea kwenye mpaka wa kaunti, utakuwa umekatiza njia katikati.

BARAFU NI GHALA LA JUA

Watu huogopa nishati ya jua kwa sababu moja ya kweli: jua huchwa. Betri za kuweka umeme ni ghali na huchakaa. Lakini kwa haja za joto na ubaridi lipo ghala la bei nafuu zaidi. Joto huwekwa ndani ya maji, na ubaridi huwekwa ndani ya barafu. Tangi lililofunikwa vizuri hubaki na maji ya moto mpaka alfajiri. Mashine iliyogandisha barafu wakati wa adhuhuri haihitaji umeme saa sita za usiku, kwa sababu kazi imekwisha kufanyika. Yapo majokofu ya chanjo yaliyotengenezwa kwa kanuni hiyo. Chanjo nyingi zatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na jokofu la aina hiyo hugandisha barafu yake mchana kwa umeme wa jua, kisha barafu hiyo hulinda dawa usiku kucha bila betri kubwa.

Sasa fikiria bandari ndogo ya wavuvi. Asiye na barafu hana uwezo wa kungoja bei. Humuuzia tajiri wa kwanza aliyesimama ufuoni, kwa bei anayoitaja tajiri. Mama karanga naye hulazimika kununua na kukaanga siku hiyo hiyo, hata kama soko limelala. Barafu ikiwepo, mvuvi na mama karanga wote wawili hupata uhuru wa kungoja hadi kesho.

Mashine ya barafu, kama kiyoyozi, hulitupa nje joto inalolichota. Ikijengwa peke yake joto hilo hupotea hewani. Ikijengwa jirani na zahanati yenye wodi ya wazazi, joto lile lile laweza kupitishwa kwenye bomba na kuyatangulizia moto maji ya wodi, kisha paneli za jua zikayamalizia. Kinachotupwa na mmoja huwa riziki ya wa pili. Lakini hayo hayawezekani ikiwa ofisi ya uvuvi imechagua kiwanja chake, ofisi ya afya imechagua chake, na hawakuulizana. Mabomba ni rahisi kulazwa kabla ya barabara kujengwa, na ni ghali kulazwa baadaye.

WALIOANZA KABLA YETU

Tusidhani kwamba hii ni ndoto ya vitabuni. Ziko jamii zilizolifanya, na kila moja yatupa funzo lake.

Kule Iceland, nchi ya theluji, wanawake wa Reykjavik walikuwa wakibeba mafurushi ya nguo kwa miguu hadi kwenye chemchemi za maji ya moto zilizo nje ya mji, ili wafulie huko. Ilikuwa kazi ngumu na ya hatari, maana wako walioteleza na kuungua. Mwaka 1930 mji ukalaza bomba la kilomita 3 kutoka kwenye chemchemi hizo hizo hadi mjini, kwa shule, hospitali na nyumba zipatazo 60. Maji yakawafuata watu. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla katika miaka ya 1970, nchi nzima iliharakisha kuifuata njia hiyo, na leo nyumba tisa katika kila kumi hupata joto lake kutoka ardhini. Jambo lililoanza katika mashaka ya mwanamke mfuaji likawa mfumo wa taifa.

Denmark nayo iliumizwa na bei hizo za mafuta, ikatunga mwaka 1979 sheria ya joto iliyozitaka serikali za mitaa kupanga ni eneo lipi litapata joto kwa njia ipi. Leo karibu theluthi mbili za nyumba zake hupokea joto kwa mabomba ya pamoja. Katika kisiwa kidogo cha Ærø, kwenye mji wa mabaharia uitwao Marstal wenye watu wapatao 2,000, wakazi wenyewe, kwa njia ya ushirika wao, waliweka mitambo ya jua yenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 33,000, na wakachimba shimo la kuhifadhi mita za ujazo 75,000 za maji ya moto, ili joto la kiangazi liwafae wakati wa baridi. Jua la huko ni haba kuliko letu kwa kiasi kikubwa. Walilotuzidi ni kukaa pamoja na kupanga. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulizitaka nchi zake zihakikishe kwamba miji yenye watu zaidi ya 45,000 inaandaa mpango wa joto na ubaridi.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi watoka Gujarat, nchi ambayo majahazi yake yalikuja kwetu kwa kaskazi na kurejea kwa kusi kwa karne nyingi. Mji wa Ahmedabad ulipigwa na joto kali mwezi wa Mei 2010, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba vifo vilizidi vya kawaida kwa zaidi ya 1,300 katika mwezi huo mmoja. Mwaka 2013 mji huo ukatoa mpango wa kukabili joto: tahadhari kutolewa mapema, wahudumu wa afya kufundishwa, maji ya kunywa kuwekwa njiani. Baadaye ukaongeza kazi ya kupaka paa rangi nyeupe inayorudisha miale ya jua. Katika mitaa ya maskini shirika la wanawake liitwalo Mahila Housing Trust lilikuwa limekwisha kuanza kuwafundisha wanawake kuhusu mapaa hayo na kuwawezesha kuzungumza na wakuu wa mji juu ya joto la nyumba zao.

Nguvu ya weupe si ngeni kwetu. Aliyetufu Makka wakati wa adhuhuri ajua kwamba marumaru nyeupe ya uwanja haimchomi nyayo kama anavyotarajia. Jiwe hilo, lililotoka kisiwa cha Thassos huko Ugiriki, hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaolipiga. Na wazee wetu walizipaka nyumba zao chokaa.

JOTO LA ARDHI YETU

Kenya yenyewe ina sifa kubwa katika jambo hili. Mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa ardhini ulianza Olkaria mwaka 1981. Lisilojulikana na wengi ni kwamba joto hilo hutumika pia bila kugeuzwa umeme. Karibu na Naivasha, shamba la maua la Oserian lilianza kupasha joto vibanda vyake vya maua kwa kisima cha mvuke mwaka 2003. Kule Menengai, shirika la serikali la kuendeleza mvuke lilionyesha kwa mfano jinsi joto hilo linavyoweza kuchemsha maziwa, kufua nguo, kufuga samaki na kukuza mboga.

Pwani haina mvuke wa Olkaria, lakini ina jua, na kwa maji ya kuogea na kufulia jua latosha. Mwaka 2012 nchi ilitunga kanuni zilizotaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yawekewe mitambo ya jua. Hata hivyo kanuni ya nchi nzima haimwambii fundi wa Malindi afanyeje na chumvi. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi yanayoziba mabomba, na hewa ya bahari hula chuma. Mpango wa eneo ndio utakaosema mtambo wa aina gani utadumu hapa, ni nani atakayeutengeneza ukiharibika, na ni chuo kipi kitakachowafundisha vijana wetu kazi hiyo.

MLANGO WA SHERIA

Katiba ya 2010 iliweka mambo ya mipango na ya nishati ya eneo miongoni mwa kazi za kaunti. Sheria ya Nishati ya 2019 ikaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati na kuuwasilisha kwa Waziri, ili mipango yote ikusanywe kuwa mpango mmoja wa taifa. Na Katiba hiyo hiyo yahesabu ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya taifa, na kuliamuru bunge la kaunti liwape nafasi.

Asidhani mtu kwamba ushiriki huo ni pambo. Mwezi wa Juni 2019 mahakama maalumu ya kitaifa ya mazingira iliifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa Lamu, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wakazi wa kisiwa walikuwa wamekwenda kudai haki ya kuulizwa, na wakasikilizwa.

Lakini kukataa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusema tunachokitaka. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, ukumbini mbali, tangazo likiwa gazetini tu, mama aliyeko jikoni hatafika. Atapangiwa joto lake na mtu ambaye hajawahi kuinamia jiko. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba vikundi vya akina mama, kamati za misikiti na walimu wa madrasa wamwombe mwakilishi wa wadi mapema, kwa barua, awajulishe siku ya kikao, na wafike na maswali haya matano:

1. Je, kaunti yetu imekwisha kuandika mpango wake wa nishati, na unapatikana wapi kwa Kiswahili?

2. Je, mpango huo una mlango wa joto na ubaridi, au wazungumzia nguzo na nyaya pekee? Kupikia kumewekwa wapi?

3. Ramani za mitaa mipya zinaacha njia za upepo wa kaskazi na kusi, na miti ya kivuli, au kila kipande kimeuzwa?

4. Zahanati, shule, soko la samaki na nyumba za umma zitajengwa jirani ya nini, na joto au baridi ya mmoja yaweza kumfaa mwingine?

5. Kaunti jirani zimeulizwa? Mtambo wa barafu wa huku utasaidia kisiwa cha pili, au kila mmoja atanunua wake?

Maswali haya hayahitaji elimu ya uhandisi. Mhandisi ndiye atakayetafuta majibu. Anayejua swali ni yule anayeishi ndani ya nyumba.

KABLA YA MPANGO KUFIKA

Mpango wa kaunti huchukua muda, na mtoto mwenye vipele hawezi kuungojea. Yako yanayowezekana mwezi huu. Paa la bati likipakwa rangi nyeupe inayofaa bati, na chini yake ikawekwa dari hata ya makuti au mkeka, chumba hubadilika. Matundu yaachwe juu ya ukuta pande mbili zinazoelekeana, maana hewa ya moto hupanda na yahitaji mlango wa kutokea. Upande wa magharibi upandwe mwarobaini au ukingwe kwa baraza yenye paa, kwa kuwa jua la Alasiri huingia kwa mshazari na ndilo linaloumiza. Maji ya kumkandia mzazi yaanikwe juani tangu asubuhi ndani ya chombo cheusi chenye kifuniko. Yatakapofika jikoni yatakuwa yamekwisha kupata sehemu ya moto wake, na makaa yatabaki. Na anayejenga ghorofa, amwulize jirani wa nyuma kabla ya kumwuliza mchoraji.

Misikiti na madrasa zetu zaweza kutangulia. Ni majumba makubwa, mapaa yake ni mapana, na mchana hujaa watoto. Msikiti wenye paa jeupe, miti uani na madirisha yanayoutazama upepo utakuwa darsa bila ya mhadhara, na wakati wa joto kali utakuwa kimbilio la wazee wa mtaa.

Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura ya An-Nahl neema ya nyumba za kutulia, neema ya vivuli, na neema ya mavazi yanayotukinga na joto. Kivuli kimetajwa miongoni mwa neema ambazo mja ataulizwa ameshukuru vipi. Shukrani ya kivuli ni kutomnyang'anya mwenzako chake, na kumpandia atakayekuja baadaye. Tuombe Allah awaongoze wanaotupangia, atupe sisi ujasiri wa kufika wanapopanga, na ajaalie watoto wetu walale usingizi mwema katika nyumba zenye upepo. Amin.